Kuli na Amezidi: Anayeamua Yuko Wapi?

Wahakiki wengi wameisoma Kuli ya Adam Shafi (1979) kama riwaya ya mapambano ya kitabaka. Sikatai. Lakini mimi niliyekulia Mji Mkongwe, kila nikipita Malindi nikaona meli zimefunga gatini, hujiuliza swali jingine: anayeamua yuko wapi?

Katika Kuli, anayeamua yuko mbali. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, na ujira wa bandarini haukupangwa na wabeba magunia. Hata hivyo Rashidi, mtoto wa kuli, na wenziwe walikuwa na silaha moja: shehena haijishushi yenyewe. Mgomo wa 1948, ambao ndio uti wa mgongo wa riwaya, ulianzia bandarini ukaenea mjini. Kwa mara moja, kule mbali kukafikika.

Sasa tuitazame Amezidi, tamthiliya ya Said Ahmed Mohamed ya 1995. Mkoloni keshaondoka, bendera ni yetu, lakini Ame na Zidi wamezoea kuishi kwa kutegemea misaada. Hapa kikwazo cha nje hakina gati wala kuli. Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, serikali ilitakiwa ibane matumizi. Mwananchi akaja kuchangia matibabu na masomo. Kwani nani alimuuliza?

Mwaka huo huo wa 1995 Wazanzibari walipiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza tangu Mapinduzi ya 1964. Matokeo yakazusha mzozo, wafadhili wakasitisha misaada. Eti kwa ajili ya demokrasia yetu! Hata hilo nalo likaamuliwa bila ya sisi. Serikali inayoishi kwa mkono wa mfadhili humwogopa mfadhili kuliko mpiga kura.

Kwa maoni yangu, ubora wa Amezidi ni kwamba inamcheka anayepokea sawasawa na anayetoa. Haitupi nafasi ya kumsingizia mgeni kila kitu. Upungufu wake ni kuwa, ukishacheka, huoni njia. Kuli inaionyesha, lakini ni njia ya zama zake.

Meli inagomewa. Deni linagomewa vipi? Nadhani tuanze kwa kudai kujua kilichotiwa saini kwa jina letu. Mwandishi atakayetuandikia riwaya ya madai hayo bado namsubiri.