Mgeni wa Arobaini na Moja

Ndani ya faili la mipangilio la Apache, seva ya tovuti iliyoanza kusambazwa mwaka 1995, kuna mstari unaoitwa MaxRequestWorkers. Kabla ya toleo la 2.4 la mwaka 2012 uliitwa MaxClients. Kazi yake ni kuamua wateja wangapi wahudumiwe kwa wakati mmoja. Wengi hawaugusi kamwe. Namheshimu sana msimamizi wa seva anayeugusa huku akijua anachofanya, na insha hii naiandika kumsifu.

Tuchukue mashine ndogo, ya aina inayokodiwa na shule au gazeti dogo: RAM yake ni gigabaiti 4. Apache inaendeshwa kwa mtindo wa prefork, yaani kila mteja na mchakato wake, na kila mchakato umebeba PHP tumboni. Ukiwa kazini, mchakato mmoja unaweza kula megabaiti 60. Kikomo kinachokuja na programu yenyewe, kabla hujabadilisha chochote, ni 256. Zidisha: megabaiti 15,360. Mashine imeahidi karibu mara nne ya kilichomo mfukoni mwake, na kwa kuwa siku za kawaida wageni ni wachache, ahadi hiyo haidaiwi. Itadaiwa siku matokeo ya mtihani yanapotoka na kila mzazi, kila mwanafunzi, ana simu mkononi.

Siku hiyo RAM hujaa, na mfumo endeshi huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski. Hata diski ya kasi ya SSD huchelewa mara mamia kuliko RAM. Ombi lililokuwa likimalizika kwa sekunde 0.2 sasa linakaa sekunde kadhaa. Kwa kuwa halimaliziki, mchakato wake hauachiliwi. Kwa kuwa hauachiliwi, mwingine unazaliwa kumpokea mgeni anayefuata, nao unadai megabaiti zake 60. Hatimaye Linux, ikikosa pa kugeukia, huchagua mchakato wa kuua, na mara nyingi huangukia ule unaokula kumbukumbu nyingi kuliko yote. Kwenye mashine kama hii, huo huwa ni hifadhidata. Waliokuwa nje hawakuingia, na waliokuwa ndani wamepoteza walichokuja kukifuata.

Fundi huyazuia yote haya kwa hesabu ya darasa la nne, lakini namba za kuweka kwenye hesabu hiyo ndizo zenye kazi. Huwezi kupima mchakato uliolala. Unaupima ukiwa umebanwa na ukurasa mzito kuliko zote za tovuti yako. Tena usiamini haraka safu ya RSS inayooneshwa na amri ya ps, maana inahesabu kumbukumbu ambayo michakato inaitumia kwa pamoja kana kwamba kila mmoja ana ya kwake. Kipimo cha PSS hugawa kile cha pamoja kwa haki. Kisha unatoa fungu la hifadhidata, la mfumo endeshi na akiba ya faili zake, na unaacha nafasi ya dharura. Tuseme zimebaki megabaiti 2,400. Gawanya kwa 60: wageni 40.

Arobaini! Namba hiyo huwatisha wenye tovuti, na hapo ndipo fundi anapohitaji moyo. Mwaka 1961 John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ya foleni inayomtetea: nafasi 40, kila mgeni akimaliza kwa sekunde 0.2, ni maombi 200 kwa sekunde. Nafasi moja inafunguka kila milisekunde 5. Mgeni wa arobaini na moja hafukuzwi. Anasubiri kwenye foleni ya mfumo endeshi, na akiwa na wenzake mia mbele yake atangoja nusu sekunde.

Ila hesabu hiyo ni kweli pale tu aliyehudumiwa anapoondoka. KeepAliveTimeout, ambayo kwa kawaida ni sekunde 5, humruhusu aendelee kukalia nafasi bila kuomba kitu. Kwenye prefork huo ni ubadhirifu mkubwa, na fundi mzuri huipunguza hadi sekunde 1 au 2 kabla hajafikiria kuongeza RAM.

Faili la makosa (error log) nalo hushawishi. Nafasi zikijaa, Apache yenyewe huandika kwamba ufikirie kuongeza kikomo. Kwa asiyepima, huo ni ushauri mbaya. Hata nginx, iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004 na inayobeba maelfu ya miunganisho kwa michakato michache, haikuifuta kazi hii. Imeisogeza tu: nyuma yake PHP-FPM ina pm.max_children, na MySQL ina max_connections, 151 usipoigusa. Mahali fulani lazima mtu ahesabu.

Basi wewe unayesimamia seva, usingoje siku ya msongamano. Pima mchakato mmoja leo ukiwa kazini, gawanya, weka namba yako badala ya 256, kisha juu ya mstari huo andika umeipataje na tarehe uliyopima. Programu itanenepa, na atakayeshika kazi baada yako anastahili kujua pa kuanzia.