Utii Uliokuwa Laana

Katika riwaya yake Ella Enchanted (1997), Gail Carson Levine amekichukua kisa cha Cinderella, alichokiandika Perrault kwa Kifaransa mwaka 1697, akakipindua. Msichana wa Perrault asifiwa kwa upole na ustahimilivu. Ella ni mtiifu kwa kuwa alirogwa tangu kuzaliwa. Jini Lucinda alidhani amempa tunu, kumbe amemfunga.

Ubora wa kitabu umo katika sarufi. Ella hufungwa na amri tu, ombi halimfungi. Basi huyapima maneno, akatenda lililotamkwa, si lililokusudiwa. Mfasiri wa Kiswahili atapata kazi hapa, maana "vaa" ni amri wazi, bali "uvae" huweza kuwa amri ya heshima au matakwa tu.

Kasoro ipo. Ella ajifunza lugha ya mazimwi, akawatiisha kwa maneno matamu, wala mwandishi haulizi kama huko nako si kuwafunga wengine. Lakini mwana wa mfalme ampendaye amwamurupo akubali kuolewa naye, naye akakataa ili asimponze, laana yavunjika. Vijana wasomao, na wazee wawaamrishao, watafaidika nacho.