KUREMBA, KUREKEBISHA AU KUCHONGA? UHAKIKI WA MANENO YA UPASUAJI WA MIFUPA YA USO

Ufundi mgeni uingiapo katika nchi, mara nyingi jina lake hutangulia, na watu hulipokea jina kabla ya kukijua kitu chenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa upasuaji wa kugeuza umbo la mifupa ya uso. Msomaji wa Kiswahili amekwisha kukutana na maneno "upasuaji wa urembo", "kurekebisha sura" na "kutengeneza uso", wala hakuelezwa kwa utimilifu ni nini kinachokatwa, kwa chombo gani, na kama kilichokatwa chaweza kurudi. Makala hii yakusudia kuyapima maneno hayo. Hatuamui hapa kama kitendo hicho ni halali au haramu. Hiyo ni kazi ya wanazuoni wa dini na ya matabibu, kila mmoja kwa upande wake. Kazi yetu ni ya lugha. Lakini katika jambo hili kazi ya lugha si ndogo, kwa sababu mtu hutia sahihi yake katika karatasi ya hospitali akiyategemea maneno aliyoyasikia, na ridhaa iliyojengwa juu ya neno lisilo kweli si ridhaa kamili.

Yafaa basi tuanze na kitendo chenyewe. Mtu atakaye taya jembamba hulazwa kwa nusukaputi. Mpasuaji hupasua ndani ya kinywa, kati ya ufizi na shavu, ili kovu lisionekane nje. Kisha huuinua mnofu mpaka mfupa ubaki wazi, na kwa msumeno mdogo wa umeme huikata pembe ya taya iliyo chini ya sikio. Pengine kidevu nacho hukatwa, kipande cha katikati kikatolewa, na pande mbili zilizobaki zikaletwa pamoja na kufungwa kwa vibamba na skurubu za titani. Vitefute, yaani mifupa iliyotokeza chini ya macho, vyaweza kukatwa na kusogezwa ndani. Ndani ya taya la chini umo mshipa wa fahamu uendao mpaka mdomo wa chini na kidevu. Ukijeruhiwa, sehemu hizo hufa ganzi kwa muda, na kwa watu wengine ganzi hiyo haiondoki. Uvimbe huchukua majuma mengi kwisha. Ngozi iliyokuwa imetandazwa juu ya mfupa mpana yaweza kulegea mfupa upunguapo. Mambo yote haya ni ya kawaida katika elimu ya upasuaji, wala hayasemwi hapa kwa kutisha.

Tena ni haki kukumbuka kwamba ufundi huu haukuzaliwa kwa ajili ya uzuri. Mwaka 1901 tabibu wa Kifaransa René Le Fort, wa mji wa Lille, alichapisha matokeo ya kuvigonga vichwa vya maiti ili aone mifupa ya uso huvunjikia wapi, naye akaonyesha njia tatu ambazo hata leo zaitwa kwa jina lake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari waliovunjwa nyuso kwa risasi na mizinga. Hospitali iliyofunguliwa kwa ajili yao Sidcup, Uingereza, mwaka 1917, ilipokea maelfu yao. Mwaka 1957 Hugo Obwegeser alitangaza pamoja na mwenziwe namna ya kulipasua taya la chini kwa unene wake, ili liweze kusogezwa mbele au nyuma, na wasioweza kukutanisha meno waweze kutafuna. Mwaka 1967 Paul Tessier wa Ufaransa aliwaonyesha wenziwe mjini Roma jinsi alivyofungua njia kupitia fuvu, akayasogeza matundu ya macho ya watu waliozaliwa na macho yaliyoachana mno. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, katika hospitali ya Mulago, Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba mataya kwa maradhi ambayo sasa yabeba jina lake. Alichapisha habari zao mwaka 1958, na dawa zilizopatikana baadaye ziliuyeyusha uvimbe wa wengi wao bila kisu. Katika habari zote hizi kitenzi kimoja chatosha: kurudisha. Askari alirudishiwa uso alioporwa na vita. Mtoto alirudishiwa uso alioporwa na maradhi. Hata yule aliyezaliwa na kasoro alipewa kile ambacho maradhi ya tumboni mwa mama yalimnyima.

Vyombo vilevile sasa hutumika kwa kusudi jingine. Korea ya Kusini imejulikana sana kwa kazi hiyo, na hasa mtaa wa Gangnam katika mji wa Seoul, ambako taya lililochongoka kwa mfano wa herufi V lasifiwa kuwa kipeo cha uzuri. Mwaka 2014 habari zilienea duniani za zahanati moja ya huko iliyojaza vipande vya mifupa ya mataya, zaidi ya 2,000, ndani ya vioo virefu na kuvionyesha kwa wageni kama mfanyabiashara aonyeshavyo bidhaa zake. Serikali ya wilaya iliitoza faini, kwa kuwa mabaki ya mwili wa mtu ni taka za hospitali na yana sheria zake. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja alitokwa na damu nyingi alipopasuliwa taya Seoul, akafa. Jamaa zake hawakunyamaza. Na kisa hicho ni kimojawapo cha visa vilivyoleta sheria ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Septemba 2023, ya kuweka kamera katika vyumba ambamo wagonjwa hupasuliwa wakiwa hawana fahamu. Kijana yule hakuwa mgonjwa. Aliingia akiwa mzima, akitafuta umbo.

Tukiyatazama sasa maneno yetu, tuanze na urembo. Kuremba ni kutia pambo juu ya kitu. Hina, wanja, hereni na ushanga ni urembo, na sifa yao moja kubwa ni kwamba hutiwa na huondolewa. Bibi harusi hurembwa Ijumaa, na baada ya majuma machache hina imefifia, naye yu yuleyule. Hata tundu la sikio, ambalo ni jeraha la kweli, laweza kuachwa likazibana. Lakini pembe ya taya iliyokatwa haizibani wala haifutiki kwa maji. "Upasuaji wa urembo" basi ni jina linalotia msumeno katika kikapu kimoja na wanja. Humfanya msikilizaji aone kwamba tofauti ya viwili hivyo ni ya gharama tu.

Neno la pili, kurekebisha, lina hila zaidi kwa sababu lafanana na ukweli. Mtu hurekebisha saa iliyopotea majira, injini yenye hitilafu, au makosa katika maandishi. Kila linaposemwa, ndani yake imo hukumu kwamba kitu kilikuwa na kosa. Taya lisilokutanisha meno lina kosa, na kulirekebisha ni sawa. Taya pana linalotafuna, linalosema na kucheka bila taabu, lina kosa gani? Anayeandika kwamba fulani "amekwenda kurekebisha sura yake" amekwisha kutoa hukumu juu ya sura ile kabla ya tabibu kuitazama, na pengine hakujua kwamba amehukumu. Kutengeneza ni vivyo hivyo: hutengenezwa kilichoharibika, au kile ambacho hakikuwapo. Uso wa mtu mzima si mmojawapo wa hivi viwili.

Wako, kwa upande wa pili, wanaokikemea kitendo hiki kwa neno kuumbua. Wastadi wa lugha watapenda hoja yao, maana neno lenyewe limeundwa kwa uzuri. Kama funga izaavyo fungua, ziba ikazaa zibua, na tega ikazaa tegua, ndivyo umba izaavyo umbua: kutengua kilichoumbwa. Wasema kwamba Mungu ameumba, mpasuaji anaumbua, na lugha yenyewe imekwisha kutoa fatwa. Hoja hii ina nguvu masikioni, lakini haistahimili kupimwa. Kwanza, ingekuwa kweli ingewahukumu pia Gillies na Tessier, na hata mkunga akataye kitovu. Pili, wazee wetu wametuachia methali isemayo "Hujafa hujaumbika". Maana yake ni kwamba mtu awapo hai umbo lake bado halijatimia; ajali au maradhi yaweza kulibadili kesho, kwa hiyo asimcheke mwenye kilema. Methali hiyo hailichukulii umbile kuwa kitu kilichokwisha siku ya kuzaliwa. Basi hatuwezi kuichukua nusu ya hekima ya lugha tukaiacha nusu.

Tatu, na hili ndilo zito, matumizi ya kuumbua hayakubaki katika kuharibu mwili. Neno limehama likawa na maana ya kumfedhehesha mtu mbele ya watu, kuzitoa aibu zake hadharani. Kuhama huko si bahati nasibu. Lugha yetu iliona zamani kwamba umbo la mtu na heshima yake vimeshonwa kwa uzi mmoja. Ndiyo maana twasema "uso umeumbwa na haya". Ikiwa ni hivyo, yapasa tuulize nani aliyeanza kuumbua. Mtoto ambaye taya lake la chini limetokeza hufananishwa na chuchunge, samaki mwenye taya refu la chini, na watu hucheka. Mwenzake huitwa kwa jina la pua yake, mwingine kwa meno yake, na majina hayo huwafuata mpaka uzeeni. Anayekua katika dhihaka hizo, akapata fedha, akaenda kwa mpasuaji, amekwisha kuumbuliwa kwa ulimi miaka mingi kabla ya kuguswa na msumeno. Kumkemea yeye kwa neno lilelile na kumwacha aliyemcheka ni kugawa lawama kwa mizani mbovu.

Ikiwa urembo wapunguza, na kurekebisha kwahukumu, na kuumbua kwalaani, je, lugha haina neno la haki? Twaona kwamba inalo, nalo ni la siku nyingi: kuchonga. Waswahili husema kuchonga meno kwa ajili ya desturi ya baadhi ya makabila, Wamakonde wakiwamo, ya kuyakata meno ya mbele yawe na ncha. Neno hilo halisifu wala halilaumu. Lasema tu kwamba kitu kigumu kimepunguzwa kwa chombo chenye makali ili kipate umbo lililokusudiwa. Mchongaji hupata kinyago kwa kuondoa mti, na kila mtu ajua kwamba gome na vipande vilivyoanguka chini havirudishwi. Hiyo ndiyo habari ambayo mwenye kutaka kupasuliwa anastahili kuijua kwanza. "Kuchonga taya" na "kuchonga vitefute" ni maneno yanayotaja mfupa na yanayotaja kitendo. Msikilizaji wa shamba na wa mjini watayafahamu bila mkalimani.

Kuna watakaosema kwamba neno hili ni kali mno, na kwamba tabibu hawezi kumwambia mgonjwa maneno ya seremala. Twajibu kwamba tabibu husema kukata mguu, kung'oa jino na kushona jeraha, wala hakuna aliyeona kuwa amevunja adabu. Wengine watasema kwamba si kila kazi ya mifupa ni kuchonga. Hilo ni kweli, na Kiswahili hakikosi maneno: mfupa ukatwao na kuwekwa mahali pengine umehamishwa, kipande kitiwacho kidevuni ili kitokeze kimepandikizwa, uso uliovunjwa na ajali ukaunganishwa umerudishwa. Kila kitendo kipewe kitenzi chake. Ubaya wa "kurekebisha sura" ni kwamba neno moja limefunika vitendo vinne, likawachanganya askari wa Sidcup na mnunuzi wa Gangnam, na heshima aliyoipata wa kwanza ikatumiwa kumuuzia wa pili.

Jambo la mwisho lahusu sura yenyewe. Neno hili, tulilolipata kwa Waarabu, lina maana ya umbo na ya picha, ambapo uso ni neno la Kibantu, nalo ni la mwili: huoshwa, hukunjwa, huinamishwa kwa haya. Biashara hii hupenda kusema sura kuliko uso, na si ajabu, kwa maana picha yaweza kuchorwa upya bila damu. Mwandishi mwangalifu afanye kinyume. Aseme uso pale panapokatwa uso, mfupa pale panapokatwa mfupa, na sura aiweke kwa kile kitazamwacho katika kioo baadaye. Waandishi wa magazeti, wafasiri wa karatasi za hospitali na watunga kamusi wana wajibu mmoja katika hili. Mtu mzima aliyeambiwa kwamba taya lake litachongwa, kwamba kilichotoka hakitarudi, na kwamba mdomo wake waweza kufa ganzi, akasema nimeridhika, huyo ameridhika kweli, na hatuna neno naye. Aliyeambiwa kwamba atarembwa bado hajaulizwa.