Ulimi wa Baba: Tenzi Mbili na Riwaya Moja

Wahakiki wengi wameusoma Utendi wa Mwana Kupona kama wasia wa utii, na usomaji huo una msingi. Utendi huo, uliotungwa mwaka 1858, unamfundisha binti kumtumikia mumewe na kuitafuta radhi yake. Hata hivyo, tukikomea hapo tutakuwa tumeliacha jambo jingine lililomo katika beti zizo hizo, nalo ni ububu wa mume. Mama anamwusia bintiye amtunze mumewe kama mtoto mchanga ambaye bado hajajua kusema. Tashbihi hii hupitwa upesi, ilhali yaeleza mengi juu ya mgawanyo wa hisia katika nyumba ile. Mke ndiye anayepaswa kuutambua uchovu wa mume, njaa yake na huzuni yake, kabla mwenyewe hajatamka neno.

Mwana Kupona, kwa upande wake, asema waziwazi. Aeleza maradhi yaliyomshika mwaka mzima, akumbuka furaha ya ndoa yake, na awaombea wanawe. Basi mwanamke anayefundisha utii ndiye mwenye ulimi, na mwanamume anayetiiwa hana.

Huenda ikasemwa kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa alikwisha kuimba mapenzi kabla ya hapo. Ni kweli. Lakini ushairi wa Muyaka ni wa barazani, mahali ambapo wanaume hushindana kwa maneno na kusifiwa kwa ufundi wao. Swali letu ni la ndani ya nyumba: je, baba ana lugha gani mbele ya mwanawe?

Jibu moja tunalipata kwa Shaaban Robert. Alimtungia binti yake utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Adili. Katika Hati baba ameketi mahali alipokuwa ameketi Mwana Kupona. Hatuna budi kukiri kwamba maudhui hayakubadilika sana, kwani binti bado aagizwa heshima na utii. Kilichobadilika ni msemaji. Upole uliokuwa kazi ya mama sasa umo kinywani mwa baba, wala hauoneki kumpunguzia hadhi. Tena, katika shairi lake "Amina", mshairi huyu anamlilia marehemu mkewe hadharani, na kulifanya jina lake kuwa anwani. Wale wasemao kwamba kilio cha mwanamume ni jambo la kigeni kwetu, lililoletwa na usomi wa siku hizi, hawana budi kulijibu shairi hilo.

Kutokana na hayo, mtu aweza kudhani kwamba mambo yalikuwa yakisonga mbele bila kurudi nyuma. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, yatukanya. Zakaria anagundua barua ya mvulana kwa bintiye, naye anamjibu Rosa kwa kipigo. Hatuwezi kusema kwamba baba huyu hana hisia. Khofu yake juu ya binti ni kubwa, lakini imekosa njia isipokuwa mkono. Hana utenzi wa kumwusia mwanawe, wala lugha ya kawaida iliyochukua mahali pa utenzi. Rosa anaondoka nyumbani kwenda shule akijua kuwaogopa wanaume tu, asijue namna ya kuzungumza nao; na mwisho wake, kama tujuavyo, ni kujiua. Uhakiki unaomhukumu Rosa kwa tabia yake, na kuyapita malezi ya Zakaria kwa sentensi moja, waionea riwaya na wamwonea msichana.

Maoni yangu ni kwamba maandishi haya matatu yafaa yasomeshwe pamoja. Tumezoea kuuweka Utendi wa Mwana Kupona chini ya kichwa "nafasi ya mwanamke", kana kwamba mwanamume hana nafasi ya kuchunguzwa. Mwanafunzi wa kiume huusoma akajifunza vile atakavyohudumiwa, wala haulizwi kwa nini mume yule amefananishwa na mtoto asiyesema. Naye ndiye baba wa kesho. Swali hilo likiulizwa darasani, Hati na "Amina" zitampa mfano wa mwanamume aliyesema, na Zakaria atamwonyesha gharama ya kunyamaza.