"Matukio ya Ramadhani": Tarehe Nayo Inataka Ushahidi

Kila unapoandama mwezi wa Ramadhani, hapa Mpwapwa huzungushwa misikitini karatasi ya "Matukio Makubwa ya Ramadhani". Nia ni njema, na Allah (s.w.) awalipe kheri walioiandika. Lakini dini ni kupeana nasaha, na karatasi iliyonifikia ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni tarehe. Badr, 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, ni sahihi. Ain Jalut, ambapo Sultani Qutuz aliwashinda Wamongoli 25 Ramadhani 658 (Septemba 3, 1260), nayo ni sahihi. Ila Hittin imetiwa humo bila ya haki. Salahuddin alishinda Hittin mwezi wa Rabiul Akhir 583 (Julai 4, 1187), na Baitul Maqdis ikarejea 27 Rajab mwaka huo huo. Ramadhani ya mwaka uliofuata alikuwa akiizingira ngome ya Safad. Huenda mkanganyiko umeanzia hapo.

Msomaji atauliza: kuna dhara gani? Wanazuoni wa hadithi waliwafichua waongo kwa tarehe. Mtu akidai kupokea kwa sheikh aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, riwaya yake iliporomoka. Khatibu mimbarini naye ni mpokezi wa habari, na Surat Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakiki. Tena fadhila ya Ramadhani imethibiti kwa Qur'an na Sunna. Haihitaji kuazimiwa vita visivyo vyake.

Ya pili ni ukimya juu ya kwetu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi yanayotaja Jumapili ya mwezi wa Dhulqaada, mwaka 500 Hijria (1107), miaka 80 kabla ya Hittin. Hiyo ni tarehe iliyochongwa kwenye jiwe, nayo haimo katika karatasi za mwezi wowote. Ndiyo maana mwanafunzi wa madrasa hapa hudhani Uislamu wa nchi hii ulianza na misafara ya karne ya 19 iliyopita Mpwapwa ikienda Tabora. Huko ni kuufikia bara tu. Pwani ulikwishakaa karne nyingi.

Nashauri kila tukio liandikwe pamoja na mwaka wake na kitabu lilikotolewa. Na khatibu aliyekosea asione haya kusahihisha Ijumaa ifuatayo.

Wabillahi tawfiq.