Mgeni Katika Ngoma ya Wenyewe

Msomaji, bila shaka umepata kusikia ikisemwa kwamba ngoma ya watu huchezwa vyema na wenyewe tu, na kwamba mgeni, hata ajifunze namna gani, huishia kuiga. Hebu tuipime kauli hiyo kwa habari za Fou Ts'ong, mpiga piano wa Kichina aliyezaliwa Shanghai mwaka 1934.

Mwaka 1955 alishindana mjini Warsaw katika kupiga muziki wa Chopin, mtungaji mashuhuri wa Polandi. Kwa jumla alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa Mpolandi, Adam Harasiewicz. Lakini tuzo ya kupiga mazurka ilimwendea Mchina. Na mazurka asili yake ni ngoma ya wakulima wa Polandi! Ina mapigo matatu, na mkazo wake hupenda kuangukia pigo la pili au la tatu, mahali ambapo sikio halikuutazamia. Ukiihesabu kama askari katika gwaride, waiua. Ukiilegeza mno, yasambaratika.

Aliipataje? Si kwa damu. Baba yake, Fu Lei, aliyefasiri vitabu vya Balzac kwa Kichina, alimlea katika maandiko ya kale ya kwao, ambamo maneno machache hubeba mengi. Usikilizapo santuri zake, utaona kwamba hauogopi ukimya: husita kidogo kabla ya sauti, nayo sauti ikija huwa na maana.

Mwaka 1958 alikimbilia London. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, wazazi wake waliteswa hata wakajitoa uhai. Yeye hakurudi Uchina ila mwaka 1979. Akaendelea kupiga na kufundisha katika mabara mbalimbali, hata akafariki London mwaka 2020.

Wako wadhanio kwamba huzuni ndiyo iliyompa ustadi. Mimi sikubali. Tuzo ile aliipata miaka mitatu kabla ya kuihama nchi yake. Huzuni yaweza kuukomaza ustadi, lakini haiwezi kumfundisha mtu mapigo matatu. Kazi ndiyo imfundishayo.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Fou Ts'ong hakuiacha yake. Aliingia nayo katika ngoma ya wenyewe, nao wenyewe wakamtunza.