Mawimbi Yanayopasha Joto: Tahakiki ya Istilahi Moja ya Kemia

Mtoto wa Oloipiri, katika Wilaya ya Ngorongoro, huionja asidi laktiki kabla hajajua kusoma, kwani ndiyo inayoyachachusha maziwa ndani ya kibuyu. Akifika shule ya msingi na Kimaasai chake cha nyumbani, hupokewa na Kiswahili. Akiingia sekondari, sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi ya Kiswahili kwake ni daraja la katikati, na likiwa bovu hana pengine pa kuvukia. Ndiyo maana tumeonelea tuijadili istilahi inayowababaisha wafasiri: ile ya kuunda polima kwa mawimbi ya aina ileile yanayopasha chakula katika majiko ya umeme ya mijini.

Molekuli za asidi hiyo zikipashwa joto na maji yakaondolewa, huungana kuwa mnyororo mrefu, yaani polima, ambayo jamii yake hutumika kutengenezea nyuzi za kushonea majeraha zinazoyeyukia mwilini. Katika mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya kuiunda kwa haraka kwa njia ya mawimbi haya. Kuhusu neno *polima* hatuna ugomvi. Limekaa vizuri katika ngeli yake na limezaa *kupolimisha* na *upolimishaji*. *Usanisi* nao tumekwisha kuuzoea kupitia *usanisinuru*. Ugomvi uko kwenye mawimbi.

Mfasiri mwenye haraka huandika *mawimbi mafupi*. Jina hilo lina mwenyewe. Wasikilizaji wa redio walilijua tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, na urefu wa mawimbi hayo ni kati ya mita 10 na 100. Wimbi la jikoni, lenye marudio milioni 2,450 kwa sekunde, lina sentimita 12 hivi tu. Kuyaita yote mafupi ni kumpa mwanafunzi jina moja kwa vitu viwili vinavyopishana zaidi ya mara 80.

*Mawimbi madogo* ni baya zaidi. Mvuvi akiambiwa wimbi dogo hufikiria kimo chake, wala si umbali wa kutoka kilele hadi kilele. Tena hata hao waliobuni jina la asili hawakumaanisha mikromita. Mawimbi haya huanzia milimita 1 na kufika mita 1. Hatuoni sababu ya kutafsiri udogo ambao haupo.

Lipo na neno *mionzi*. Kisayansi si kosa, lakini masikioni mwa wananchi huleta eksirei na matibabu ya saratani, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Msomaji ataamini kwamba wimbi hukata na kuunga molekuli kwa nguvu zake lenyewe. Haliwezi. Nishati yake ni jouli 1 hivi kwa moli, ilhali kuvunja kifungo cha kaboni na kaboni huhitaji jouli 350,000 hivi. Linachofanya ni kuzigeuzageuza molekuli zenye ncha chanya na ncha hasi. Hizo husuguana na jirani zake, na joto huzuka ndani ya mchanganyiko wenyewe badala ya kungojwa lipenye kutoka ukutani mwa chombo. Wanakemia nao walipotea njia hapa. Baada ya makundi mawili, la Kanada na la Marekani, kuchapisha majaribio yao mwaka 1986, wengi walidai kwamba mawimbi yana uwezo wa pekee usio wa joto. Halijoto ilipopimwa kwa uangalifu ndani ya chombo, sehemu kubwa ya madai hayo ilionekana kuwa ni joto tu.

Kwa hiyo hatukubali *polima za mionzi* wala *upolimishaji wa mawimbi*, ijapokuwa yanavutia kwa ufupi wake. Vilevile hatukubali *kupasha moto*, usemi wa jikoni ambao hapa unataja moto usiokuwapo. Tunapendekeza *usanisi wa polima kwa kupasha joto kwa mawimbi maikro*. Ni refu, tunakiri, na *maikro* ni mgeni aliyekuja na viatu vyake. Lakini mgeni asiye na maana nyingine nchini ni afadhali kuliko mwenyeji mwenye kazi mbili. Ufafanuzi wake katika kamusi utaje joto kwanza, ndipo utaje mawimbi.